Mara ya Tatu

"Shika mkono wangu," alisema Ambrose, nami nikahesabu kimoyomoyo: moja.

Tulikuwa juu, kwenye roshani ya nyuma ya jukwaa, ambayo siku ile ilikuwa ukuta wa mji uliozingirwa na adui. Enzi zile wanawake hawakupanda jukwaani, wavulana ndio tuliovaa magauni: Ambrose alikuwa malkia, mimi mjakazi wake. Chini yetu uwanja ulikuwa umefurika watu waliosimama bega kwa bega, wakitafuna njugu na kutema maganda, na kutoka ng'ambo ya barabara dubu wa kupiganishwa na mbwa walikuwa wakinguruma kwenye zizi lao kama ilivyokuwa kila siku saa nane mchana. Ambrose alisimama juu ya kibao, maana bila kibao watu wa chini wasingeona chochote isipokuwa taji. Ukingo wa roshani ulimfika magotini. Alikuwa amenyoosha mkono kwangu na vidole vyake vilitetemeka vizuri sana.

Nilidhani anaigiza. Hapana, acha niseme kweli, nimeshazeeka na sina wa kumdanganya. Nilijua kwamba haigizi.

Kwa nini basi sikuushika? Sisi hatukupewa mchezo mzima kuusoma. Kila mwigizaji alipewa gombo lake, utepe wa karatasi uliozungushwa kwenye kijiti, wenye maneno yake peke yake. Maneno ya mwenzako hukuyaona, ila yale matatu manne ya mwisho, yanayokuja kabla yako. Tuliyaita mkia. Ukisikia mkia, unasema au unatenda. Usipousikia, unakaa kama gogo, hata wenzako waseme nini. Kwenye gombo langu mkia ulikuwa huo, "shika mkono wangu", na baada yake imeandikwa kwamba mjakazi anapiga magoti, anaushika mkono na kulia. Jambo ambalo gombo halikusema ni kwamba malkia anayatamka maneno hayo mara tatu, na mkono unashikwa ya tatu tu.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya mchezo niliushika mkono mara ya kwanza tu alipotamka. Nikapiga magoti, nikaanza kilio changu, na Ambrose akabaki na maneno matamu kuliko yote mdomoni, hana pa kuyaweka. Uwanja mzima ulicheka. Humphrey, mchekeshaji wetu, alinisubiri nyuma ya pazia.

"Dogo, ulikuwa unakimbilia wapi? Umeacha chungu jikoni?"

Wiki nzima ikawa ndiyo salamu yangu. Nikiingia tu, mmoja anauliza, "Vipi, chungu hakijaungua?" na wengine wanashika mbavu. Bwana Tench hakucheka. Huyu ndiye aliyekuwa fundi wetu, mimi na Ambrose tulilala kwake na kula kwake ili tujifunze kazi. Alinishika sikio akalizungusha.

"Mara ngapi?"

"Tatu, bwana."

"Nimekuuliza mara ngapi?"

"Tatu!"

"Hata paa likiwaka moto?"

"Hata paa likiwaka moto, bwana."

Ambrose alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na mitatu. Yeye ndiye aliyenifundisha kutembea na gauni bila kukanyaga upindo, na mezani aliniachia sehemu laini ya mkate kwa sababu meno yangu yalikuwa mabovu. Nilimpenda kama kaka. Nilimwonea wivu pia, wivu wa kukosa usingizi, kwa sababu yeye akisema neno watu elfu mbili walinyamaza, na mimi nikisema walikohoa. Lakini sauti yake ilikuwa imeanza kukatika na kuwa nzito, ya kiume. Bwana Tench alishatamka mbele ya wote, katikati ya chakula, kwamba siku Ambrose atakaposhindwa kupanda jukwaani, kwa sababu yoyote ile, malkia ni wa Crispin. Crispin ni mimi.

Asubuhi ile Ambrose hakuugusa uji. Mchana nilipokuwa nikimfunga kamba za gauni mgongoni, shingo yake ilikuwa ya moto.

"Unachemka, kaka."

"Kaza hapo. Inalegea."

"Nimwambie Bwana Tench?"

Aligeuka upesi mpaka kamba ikanichomoka. "Ukimwambia, mimi na wewe basi. Leo tu, Crispin. Kesho nitalala kutwa." Kisha akacheka, midomo imemkauka. "Au unalitaka gauni?"

Nilikataa haraka mno. Nikachukua rangi nyeupe, ile ya madini ya risasi iliyokorogwa na siki, nikampaka usoni, kisha nikampaka tena, na mashavuni nikaweka wekundu. Nilipomaliza, ugonjwa haukuonekana tena. Mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyoufunika, na tarumbeta ya kuita watu mchezoni ilipolia mara ya mwisho tulipanda ngazi, yeye mbele na mimi nyuma nimeshika mkia wa gauni.

Kati ya mara ya kwanza na ya pili, malkia alikuwa na mistari sita kuhusu wanawe waliozama baharini. Nilikuwa nimeshaisikia mara nyingi kiasi cha kuijua kwa moyo. Siku ile Ambrose hakuitamka. Alivuta pumzi, akasema tena papo hapo, kwa sauti iliyopasuka katikati:

"Shika mkono wangu."

Mtu mmoja chini akapiga mluzi. Mimi nikahesabu: mbili.

Hakuwa akimtazama mjakazi. Alikuwa akinitazama mimi, Crispin, kwa macho yale yale aliyonitazama nayo mezani akinisogezea mkate. Nilikuwa mbali naye hatua moja. Mkono wangu nilishauinua nusu, tayari kwa ya tatu, na machozi yangu nilishayaandaa. Nikangoja. Midomo yake ilifunguka na haikutoa kitu. Kibao kikalia chini ya miguu yake, naye akapita juu ya ukingo bila hata kupiga kelele, gauni likafunguka hewani, kisha nikasikia mbao za jukwaa.

Watu walipiga makofi. Sijawahi kusikia makofi kama yale, si kabla wala baada. Walirusha kofia juu. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, mkono nusu juu, bado nasubiri mkia wangu.

Alikata roho kwenye rundo la nguo za askari, nyuma ya pazia. Kule mbele Humphrey alikuwa ametoka kucheza ngoma yake ya vichekesho ili watu wasijue, na vicheko vyao vilitufikia wakati Bwana Tench akimfuta Ambrose rangi usoni kwa kitambaa chenye maji. Hakuna aliyenilaumu. Bwana Tench alinishika sikio lile lile, safari hii taratibu.

"Ulifanya kama ulivyofundishwa," alisema.

Miaka hamsini imepita na bado najiuliza. Ilikuwa ni hesabu iliyonizuia, au lilikuwa gauni? Siku nyingine najijibu hivi, siku nyingine vile, na majibu yote mawili yananiumiza.

Baada ya wiki mbili gauni lilifuliwa, likapunguzwa vidole vitatu chini, nikavikwa mimi. Seremala aliuinua ukingo wa roshani ukafika kiunoni. Gombo langu la mjakazi alipewa mtoto mpya, Wat, mwenye miaka kumi, na asubuhi ya mchezo nilimsikia Bwana Tench akimuuliza uani, "Mara ngapi?" na kile kisauti chembamba kikijibu, "Tatu, bwana."

Saa nane nilipanda juu ya kibao. Uwanja ulinyamaza, watu elfu mbili, kama nilivyotamani siku zote. Nikanyoosha mkono.

"Shika mkono wangu," nikasema.

Mistari sita ya watoto waliozama ikanipotea yote, na sikuweza kuyasema yale maneno mara ya pili, hata ningeuawa. Nikageuka kumtazama Wat. Alikuwa hatua moja tu kutoka kwangu, amesimama wima, mikono imetulia ubavuni, mtoto mtiifu aliyefundishwa vizuri. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo. Alikuwa anahesabu.