Mafuta ya Magome

Mama mkwe wangu alisema namdanganya, na hilo ndilo lililonitia wazimu.

Kazi yangu ni kuchemsha magome ya mdalasini kwenye pipa na kukinga mafuta yanayotoka na mvuke. Gunia zima halijazi chupa ya soda. Majani nayo hutoa mafuta, mengi na rahisi, yananukia karafuu. Ya magome ni matamu puani na makali mwilini. Tone moja linatosha chupa nzima ya mafuta ya nazi. Ndivyo nilivyomchanganyia mama, maana alikuwa na ugonjwa wa sukari na miguu yake haikuishiwa baridi.

"Haya hayachomi," alisema. "Sihisi hata vuguvugu. Umenipa ya majani, ya magome unawawekea wateja."

"Ni ya magome, mama."

"Mimi mtu mzima, bwana. Mwanangu angekuwa hai ungenifanyia hivi?"

Miaka sita tangu mwanawe, mume wangu, afariki nimemfulia, nimempikia, nimemkata kucha. Hasira hasara, najua, lakini nani hukumbuka methali akiwa amefura? Nilileta kichupa cha mafuta matupu nikambwagia mapajani.

"Haya. Hayo hayajaguswa na nazi. Jipake mpaka uridhike!"

Nilijua ninachokifanya. Kila mteja namwonya, na kidole changu mwenyewe kina kovu. Nilitaka yamchome, apige kelele, akiri kwamba mimi si mwongo. Sikufikiri kwamba miguu isiyohisi vuguvugu haitahisi hata moto.

Alijipaka siku tatu, asubuhi na jioni, na soksi juu yake. Hakulalamika, nami nikajipongeza kwamba hatimaye nimemnyamazisha. Siku ya nne nilimvua soksi nimwoshe, ngozi ikaja nayo.

Kidonda kilioza upesi. Hospitali walimkata mguu wa kulia, chini ya goti.

Nilikaa kando ya kitanda chake nikiyapanga maneno yangu ya kuomba radhi. Chumba kizima kilinuka dawa, na mikono yangu ilinuka mdalasini. Mama alipatazama pale shuka ilipolala bapa, kisha akanishika mkono.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikusingizia. Kumbe yalikuwa ya magome kweli."