Idadi ya Watoto

"Na mimi ni nani?"

"Shangazi."

"Tena."

"Shangazi."

Mtoto alijibu huku akivaa ndala, ya kulia mguu wa kushoto. Mama yake akapiga magoti, akambadilishia. Ana miaka minne na miezi miwili, na tangu juzi anafundishwa kumwita mama yake mzazi shangazi, na wifi wa mama, anayekaa chumba cha pili, amwite mama. Yeye aliona ni mchezo. Afadhali yeye.

Mama alikuwa mpiga pasi wa hoteli kwa miaka saba. Mashuka, foronya, vitambaa vya meza. Mkono wake wa kulia una alama za kuungua mpaka kwenye kiwiko. Mwezi uliopita hoteli ikaleta mashine inayomeza shuka upande huu na kulitema limenyooka upande wa pili, wapiga pasi sita wakaambiwa asanteni. Asanteni tu, ndugu zangu. Tangu hapo alibisha hodi kila mahali, akapata jibu moja: kazi za ndani, nje ya nchi, mkataba wa miaka miwili. Ila wakala hachukui mwanamke mwenye mtoto mdogo. Wenye watoto, eti, hulia jikoni na kutaka kurudi kabla ya muda. Sasa hapo mtu afanye nini? Amtunze mwanawe kwa kumkana, au abaki naye wadhoofike wote wawili.

"Bado hujachelewa," wifi alisema, akihamishia nguo za mtoto chumbani kwake. "Ukikataa sitakulaumu."

"Nikikataa, Jumatatu tunakula nini?"

Wifi akakunja gauni dogo la manjano. "Nitamlea kama wangu. Unajua."

"Najua."

Alijua kabisa, na hilo ndilo lililomtia wivu. Mtoto yupo pale, hatua tatu, anaimba peke yake, na tayari mama yake alikuwa amemkumbuka hadi kifua kinauma.

Mkaguzi wa wakala alifika saa kumi, jasho linamtoka, faili kwapani. Akachungulia chini ya kitanda. Akahesabu miswaki. Akaletewa chai na biskuti za mtoto, akala nne.

"Wengine wanaficha watoto," alisema, anafuta makombo mdomoni. "Tunawakamata kwa miswaki. Na yule pale nje?"

"Wa wifi yangu."

"Mbona amefanana na wewe?"

"Si damu ya kaka yangu?"

Mkaguzi akatandika fomu mezani, akaweka kidole kwenye mstari: Idadi ya watoto. "Andika hakuna, kisha weka sahihi."

Alishika kalamu. Mlangoni mtoto alikuwa anaruka kizingiti, akajikwaa, akaanguka, goti likachunika. Mama alikuwa ameshainuka, mikono mbele. Mtoto akaja mbio moja kwa moja kwake, kama siku zote. Hatua mbili kabla ya kumfikia akasimama. Akamtazama mgeni. Kisha akampita mama yake, akaenda kulia kwenye mapaja ya wifi.

"Mama, nimeumia."

"Pole, mwanangu," wifi alisema, akimpakata.

Mkaguzi akatabasamu, akatoa muhuri mfukoni. "Watoto bwana. Kwenye maumivu hawadanganyiki, wanamjua mama yao."

Mama aliketi. Akaandika hakuna. Mwandiko ulitoka mzuri, haukutetemeka, na alijichukia kwa hilo.

Mkaguzi alipoondoka na faili lake, mama alileta beseni na kitambaa safi, akaosha lile goti. Mtoto alikuwa anaangalia mlango.

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Nimefanya vizuri?"

"Vizuri sana."

"Sasa naweza kulia kwako?"

"Njoo."

Mtoto akapanda mapajani, akakunja uso, akajaribu. Lakini goti lilikuwa limeshapoa, machozi hayakuja. Akajaribu tena, na mama yake akangoja.