Sirak Hakuegeshwa

Akberet alikuwa fundi wa magauni ya harusi mjini Asmara, na mpaka anafikisha miaka hamsini na sita hakuwahi kupiga picha ila kwa simu. Ndipo mdogo wake anayeishi Uswidi akamletea kamera kubwa nyeusi, ya mtumba lakini nzima, yenye vitufe ambavyo hakujua hata kimoja ni cha nini.

Alitaka kumpiga picha Sirak, mtoto wa kaka yake, ambaye kila Jumapili alishindana baiskeli katika barabara kuu yenye mitende. Jumapili ya kwanza aliiacha kamera ijiamulie yenyewe. Picha zikatoka safi, hata spoki za gurudumu ungezihesabu. Sirak alipopita jioni kunywa chai, akazitazama.

"Shangazi, hapa umeniegesha?"

"Ulikuwa unakimbia kama mwizi."

"Mbona naonekana kama nangojea mtu?"

Swali lile lilimkaa Akberet kichwani. Alipochunguza akaona kamera ilikuwa imefumba na kufumbua kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Je, akiichelewesha? Jumapili iliyofuata akaiweka kwenye sehemu moja ya thelathini. Picha zote zikatoka nyeupe tupu.

Akazipeleka kwa jirani yake Okbazghi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na studio ya picha za pasipoti.

"Umepiga maziwa, dada," Okbazghi akasema.

"Nimekuja unifundishe, sikuja kuchekwa."

"Ukifungua dirisha muda mrefu, mwanga unajaa. Basi punguza tundu, hapa kwenye lenzi. Nambari ikiwa kubwa, tundu ni dogo."

"Kubwa ndiyo dogo?"

"Sikuitengeneza mimi."

"Na kitu kinachokwenda, wewe ulikuwa unakipigaje?"

Okbazghi akajikuna kidevu. "Wateja wangu walikaa kwenye kiti. Aliyetikisika nilimgombeza."

Basi hapo Akberet alibaki peke yake. Alipunguza tundu hadi nambari ishirini na mbili, na weupe ukaondoka, lakini kila baiskeli iliyopita mbele ya duka lake la ushonaji ilitoka kama uji uliomwagika. Akajaribu kuifuata kwa kamera. Ikawa afadhali, ila bado picha ilivurugika. Kila jaribio akaliandika kwenye daftari la vipimo, chini ya viuno na mabega ya wateja.

Siku ya Alhamisi alikuwa akishona pindo la shela. Sindano ilishuka na kupanda, huku mikono yake ikisukuma kitambaa bila kusita. Akajitazama mikono. Alipokuwa akibonyeza kamera, alikuwa akisimama, anaacha kuifuata baiskeli. Angeshona hivyo, shela lingejaa mikunjo.

Akatoka nje na kamera. Mwenye shela alimkuta ukingoni mwa barabara.

"Mama Akberet, harusi ni keshokutwa."

"Najua, mwanangu. Ngoja huyu wa mikate apite."

Mwenye mikate akaja taratibu na kapu lake nyuma ya baiskeli. Akberet akageuka naye kuanzia kiunoni, akabonyeza, akaendelea kugeuka hata baada ya kamera kulia. Kwenye kioo kidogo cha kamera mikate ilionekana mmoja mmoja, na ukuta nyuma yake umekuwa mistari mitupu.

"Huyu anakwenda kweli," msichana akasema, akaomba aone tena.

Jumapili alipiga picha sitini, akapata moja. Uso wa Sirak ulikuwa wazi, mdomo umeachama, na mitende yote imefutika kama imepigwa brashi. Sirak aliishika kamera, akaisogeza karibu na macho.

"Hapa mguu ulikuwa umeanza kunibana," akasema. "Sikumwambia mtu." Akamwomba amchapishie nakala mbili, moja ya mama yake.

Okbazghi alipoiona hakutania. Jumapili iliyofuata alikuja barabarani amevaa koti, akaomba kamera.

"Usisimame unapobonyeza," Akberet akamwambia.

Alisimama mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili alipata gurudumu la nyuma peke yake, safi kabisa, likiondoka kwenye picha. Alicheka peke yake, kisha akauliza kama mbio zinaanza saa hiyohiyo wiki ijayo.