Jina la Yule wa Nyuma

Usiku wa jana niliota nimechelewa kuuawa.

Nilifika nikikimbia, sandali moja mguuni, nyingine mkononi, kofia ya chuma imekaa upande. Ulikuwa uwanda mpana chini ya milima yenye theluji. Asubuhi ilikuwa nzuri kabisa, jua limetoka, na hapakuwa na mtu. Palikuwa na sandali tu, maelfu ya sandali za kiaskari, zimepangwa mbilimbili kama nje ya msikiti siku ya Ijumaa, ila wenyewe hawakuwa ndani popote.

Juu ya jiwe umekaa upanga, unajifuta.

"Shikamoo," nikasema. Sikujua umri wake, lakini ulionekana umeona mengi.

"Marahaba. Umechelewa."

"Foleni ilikuwa ndefu?"

"Haikuwa foleni, ilikuwa hesabu. Moja mpaka kumi, wa kumi anakatwa. Waliobaki wanaulizwa kama sasa wataabudu sanamu za Kaisari. Wanakataa. Tunaanza tena moja. Tumekwenda hivyo mpaka wakaisha."

"Basi malizia na mimi." Ndotoni mtu unakuwa na adabu za ajabu.

Upanga ukanitazama juu mpaka chini. "Wewe ni wa ngapi?"

"Niko peke yangu."

"Basi wewe ni wa kwanza. Mimi nakata wa kumi. Katafute tisa, uje nao, usimame mwisho."

"Tisa nitawatoa wapi?"

"Huna marafiki?"

Nikafikiria. Nikakumbuka kundi la simu la darasa letu la kidato cha nne, ambalo tangu Januari kinachoandikwa humo ni "fulani ameondoka" tu.

"Yaani hata kufa kunataka watu," nikasema.

"Ndiyo maana wengi wanaoa," ukajibu upanga, ukaendelea kujifuta.

"Mimi nipo," ikasema sauti nyuma yangu. "Tuko wawili."

Alikuwa askari mweusi, mrefu, wa rika langu, amejikunyata kwa baridi. Mkono mmoja alikuwa ameuweka utosini kama mtu aliyebeba ndoo.

"Huyo hahesabiki," ukasema upanga. "Nilishamkata."

"Ni kweli," akasema yule askari. "Ulinikata vizuri tu, silalamiki." Akaninyooshea shingo nione. Palikuwa na mstari mwembamba kuizunguka, kama alama ya kola. "Nakishikilia kichwa. Tafadhali kaka, usinichekeshe, kitaanguka."

Hapo nikapata shida, maana kuchekesha ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya bila kufukuzwa.

Ikabidi nimuulize mambo ya kawaida. Akaniambia ametoka Thebe, kule Misri, yeye na kikosi kizima, wote Wakristo, wakaletwa huku milimani kupigana vita vya Warumi. Nikakumbuka. Kwenye kalenda ya parokia, mwezi wa tisa, pameandikwa: Mt. Maurisi na wenzake, wafiadini.

"Kumbe wewe ndiye Maurisi!"

"Hapana."

"Basi wewe ni..."

"Ndiyo," akasema. "Mimi ni 'na wenzake'."

"Si mlikuwa wengi?"

"Tulikuwa wengi. Sasa nimebaki peke yangu." Akakaa juu ya rundo la sandali, polepole, kichwa kisimwagike. "Kule juu mlangoni wanauliza jina. Ukilitaja, wanatega sikio duniani, wasikie kama kuna mtu hai anayelitamka. Wenzangu walisikika siku ileile. Mama zao waliwalilia kwa majina, wake zao, majirani. Yangu wakatega sikio, kimya. Wakatega tena, wakasikia upepo."

"Kwani kikosini ulikuwa hujulikani?"

"Mimi? Kikosi kizima kilinijua! Mimi ndiye nilikuwa mchekeshaji. Asubuhi wakiita majina, siitiki langu hata siku moja. Leo nasema mimi ni ngamia wa kapteni. Kesho mimi ni mkwe wa Kaisari, nimekuja kusalimia. Watu wanavunjika mbavu, kapteni mwenyewe anageuka pembeni acheke. Siku ya mwisho mwandishi akapita, akaniuliza, 'Na wewe?' Nikamwambia, 'Mimi ni yule wa nyuma yake.' Wakacheka, kaka. Watu wanakwenda kufa na wanacheka! Nikajiona mkubwa. Mwandishi akaandika hivyohivyo, akapita, na orodha hiyo ndiyo iliyopelekwa nyumbani."

"Ulikuwa utani mzuri," nikamwambia.

"Asante. Karne kumi na saba niko nje ya mlango, kwenye theluji. Na mimi ni mtu wa Thebe. Kwetu hata kivuli kina joto."

"Na mpaka leo hakuna anayelijua jina lako?"

"Hata mmoja. Na wewe je, la kwako nani analijua?"

"Simu yangu," nikasema.

"Simu ni mtu?"

"Siku hizi karibu."

Aliona haya kuniambia jina lake. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaniinamia na kuninong'oneza, kichwa chake amekishika kwa mikono miwili. Hilo jina nitalitaja baadaye. Si kwa maringo, lina kisa chake. Kwa sasa mjue tu kwamba lilikuwa fupi na halikuwa la kuchekesha hata kidogo.

"Basi kazi imekwisha," nikasema. "Nimelisikia. Mimi ni mtu hai."

"Umelala," ukasema upanga. "Aliyelala tunamhesabu nusu. Lazima alisikie mtu aliye macho."

"Walio macho wako wapi?"

"Abasia," akasema askari. "Walipotuzika walijenga abasia, na wamonaki wa pale hawalali kabisa. Ile pale." Akautoa mkono utosini anionyeshe. Kichwa kikayumba, nikakidaka, na nilipokidaka tulikuwa tumeshafika abasia, mimi nimekumbatia kichwa cha watu mbele ya mlango mkubwa wa mbao.

Nikamrudishia. Akakikalisha, akakizungusha kidogo mpaka kikakaa sawa.

"Ingia," akaniambia. "Mimi hapa pia wanauliza jina."

Ndani ya kanisa alikuwepo mmonaki mmoja tu. Alikuwa mnene, jasho linamtoka, na mikononi amebeba wimbo. Wimbo ulikuwa mkubwa kama mtungi, wa uvuguvugu, unatikisika kama maji. Nikaelewa mara moja kwamba haupaswi kugusa sakafu.

"Kijanaaa," akaniimbia, maana hakuweza kusema bila kuimba, "mimi ni Bruda Gaudensiii, njoo unipokeeee."

"Wenzako wako wapi, Bruda?"

"Tunaimba kwa zaaamu, usiku na mchaaana. Kundi la kwanza linakuuula, la pili linalaaala, la tatu walisema wanakuja sasa hiiivi."

"Walisema lini?"

"Sijuiii. Palikuwa na mfalme mwingiiine."

"Na tukinyamaza kidogo, tupumzike?"

Akaonyesha dirishani kwa kidevu. Mlima mzima ulikuwa umeinama juu ya paa, kama mtu anayesoma gazeti la mwenzake. "Muulize mwenyeeewe," akaimba Bruda Gaudensi, akanisukumia wimbo kifuani, akainua kanzu na kukimbilia chooni. Mlango ukajifunga. Sijamwona tena.

Sasa naimba. Kilatini sikijui, nyimbo za kanisani nakumbuka beti za kwanza tu. Naimba hizo mpaka zinaisha. Naimba haidrojeni, heliamu, lithiamu, mpaka ninapofika pale ambapo hata darasani nilikwama. Naimba majina ya walimu wa zamu. Naimba salio lako halitoshi kupiga simu hii. Wimbo unakubali kila kitu, mradi usisimame.

"Endelea," unasema mlima. "Usinijali."

"Ni kweli utaangukaaa?" naimba.

"Ukinyamaza tu. Ni makubaliano, mimi sina ubaya na mtu. Kiuno kinaniuma tangu enzi hizo, lakini makubaliano ni makubaliano."

Ndipo naliingiza jina lake. Nalitoa kwa sauti yote niliyo nayo, naliachia lipande. Linazunguka kanisa, linapita benchi moja baada ya jingine, halimkuti mtu, linarudi miguuni kwangu kama mbwa aliyemkosa mwenyewe.

"Kuna mtu hapooo?" naimba.

"Tupo," linajibu benchi la mbele.

"Mmesikiaaa?"

"Tumesikia vizuri sana. Lakini sisi ni mbao."

Kupitia ufa wa mlango namwona askari wangu. Theluji imemfika magotini. Kichwa amekiegemeza kwenye mlango asikie vizuri. "Imba kwa nguvu, kaka," ananiambia. "Labda kuna mtu anapita."

Naimba kwa nguvu. Hakuna anayepita. Bondeni kuna nyumba nyingi na hakuna moshi hata mmoja. Jina linatoka, linazunguka, linarudi. Natoa tena. Mambo mengine yote yameniisha, lithiamu imekwisha, walimu wamekwisha, limebaki jina tu. Silabi chache, mbele nyuma, mbele nyuma.

Mimi nimewahi kuwa peke yangu. Nimewahi kujitumia ujumbe mwenyewe ili simu ilie. Lakini kulishika jina la mtu namna ile, likiwa bado la moto, halafu usipate hata mtu mmoja wa kumpa, hiyo sikuwahi kuionja. Nilitaka kulia, ila ukilia unakata pumzi, na ukikata pumzi mlima unashuka.

Sauti inaanza kukwaruza. Inapasuka. Inabaki kama mlango usiotiwa mafuta.

"Basi, kaka," anasema askari kupitia ufa. "Umejitahidi. Hakuna mtu."

"Subiri," nasema, lakini hakuna kinachotoka.

"Usijali. Mimi nimezoea." Halafu, nafikiri ili kunifariji, akajaribu: "Wakikuuliza nilikuwa nani, waambie mimi ni yule wa nje ya mlango."

Sikucheka. Naye hakucheka, na kichwa chake kikakaa imara kuliko wakati wowote.

"Umenyamaza?" unauliza mlima.

Siwezi kujibu.

"Pole sana," unasema, na unaanguka.

Niliamkia sakafuni, nimejiviringisha kwenye chandarua, msumari wake mmoja umeng'oka ukutani. Kulikuwa kumekucha. Juu yangu hapakuwa na mlima wowote, ni bati la nyumba ya kupanga hapa Makambako, lenye matundu yaleyale ninayoyajua.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kulitafuta jina.

Halikuwepo. Upanga niliukumbuka, mbao nilizikumbuka, Bruda Gaudensi na kanzu yake, kila kitu. Jina lilikuwa limefutika kana kwamba mtu amepitisha kitambaa chenye maji. Nikajaribu kulitega kwa herufi, nikaanza na A, nikaenda mpaka nikarudi. Nikafumba macho nione kama nitapata usingizi nirudi nikamuulize. Usingizi haukuja. Nikakaa pale sakafuni, chandarua mabegani kama bibi harusi, nikiwaza mtu aliyesubiri karne kumi na saba ampate mmoja wa kumwambia, na huyo mmoja akawa mimi.

Ukuta ukagongwa.

"Wewe kijana wa huko!"

Alikuwa Dada Tulinagwe, fundi cherehani wa chumba cha pili. Tangu nihamie tumeishia kwenye salamu. Kuta za nyumba yetu hazifiki kwenye bati, kwa hiyo mmoja akipiga mwayo mwingine anaitikia.

"Naam, dada," nikasema. Sauti iliyotoka ilikuwa ya chura.

"Jana ulikunywa nini?"

"Sikunywa kitu, dada."

"Sasa zile kelele zilikuwa za nini? Kwanza unaimba, mara walimu, mara salio, watu tunavumilia. Halafu ukaanza kuita! Sijapata hata lepe la usingizi. Nimekaa kitandani macho kodo nakusikiliza wewe mpaka adhana."

"Ulikuwa macho?"

"Ningelalaje? Na huyo Pamuni naye, kama yupo si angeitika tu, watu tukalala?"

Nikasimama. Chandarua kikabaki chini.

"Nani?"

"Ananiuliza mimi tena! Si Pamuni wako huyo."

Nikaenda nikaweka mkono ukutani, upande wake. "Dada Tulinagwe, nakuomba. Rudia."

Nadhani alikuwa anapima kama amwite mwenye nyumba. Kisha akavuta pumzi, na akafoka kwa sauti iliyowarusha njiwa wote kutoka kwenye bati:

"Pamuni! Pamuni, Pamuni, Pamuni! Haya, umeridhika?"