Mikwaruzo Kando ya Usukani

Siku gari lilipoingia nyumbani nilitoa amri moja tu: nailoni za viti hazitolewi. Lilikuwa jipya la kweli, si yale mapya ya kuambiwa, na mimi ni fundi cherehani, najua kitambaa kikishaanza kuchakaa hakirudi nyuma. Pacha wetu walipanda bila viatu. Mume wangu, Baba Pacha, alicheka akasema gari letu lina masharti kuliko mganga. Nikamjibu kwamba masharti ndiyo yatakayolifikisha uzeeni.

Lilifika wiki sita tu. Jumamosi moja nilikuwa nalifuta ndani kwa kitambaa kibichi, nikafika chini ya usukani, pale penye tundu la ufunguo. Nilipigwa na butwaa. Plastiki nyeusi yote kulizunguka tundu ilikuwa imechorwachorwa mistari myeupe, kama kuku ametafuta punje pale. Mingine ilikuwa mirefu kama kidole. Nikaangalia kando ya kiti cha dereva, pale mkanda unapofungwa, napo pamechimbika. Nilikaa juu ya nailoni nikiwa nimeshika kitambaa, kana kwamba nimeibiwa.

Baba Pacha sikumfikiria kabisa. Anafundisha hesabu, na ni mtu wa taratibu ambaye hata chaki haimvunjikii mkononi. Niliyemfikiria alikuwa wifi yangu, dada yake mkubwa, karani wa posta, anayekaa mtaa wa pili. Tangu wiki ya pili ya gari alikuwa anapitiwa kila asubuhi na kukaa mbele. Posta yenyewe iko upande mwingine wa mji. Alikuwa anapelekwa hadi shuleni kwa Baba Pacha, kisha anapanda mabasi mawili kurudi upande wa posta, na jioni anakwenda tena kupanda naye. Nilipomuuliza faida yake ni nini, alisema anapenda harufu ya gari jipya. Aliniita askari wa nailoni, nami nikamwita mzigo usio na mwenyewe. Ndivyo tulivyo mimi na wifi, hatuachiani neno. Na vidole vyake vinne vina pete, na pete zake zina kona.

Nikamwita jioni ile ile. Nilimshtaki sebuleni mbele ya kaka yake, nikaeleza urefu wa mistari, nikazitaja pete moja moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, maana huyu ni mtu aliyewahi kuunguza pazia langu kwa pasi halafu akanilaumu kwa kulitundika karibu. Akamtazama kaka yake. Kaka yake akainama.

"Ni mimi, wifi," akasema. "Ni hizi pete. Nisamehe."

Nilishangaa hadi nikasahau nilichotaka kusema baadaye. Miaka kumi na moja sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi haukuwa na ladha yoyote. Lakini hasira zangu zikishapanda hazishuki kwa kuombwa, kwa hiyo nikamwambia kuanzia Jumatatu asipande tena gari hilo. Akanisihi nimpe adhabu nyingine, yoyote ile, hata ya kunifulia mapazia mwaka mzima. Nikasema nimeshasema. Akatoka bila mkoba wake, ikabidi arudi kuuchukua, na mlangoni akamwambia kaka yake maneno mawili: "Mwambie leo." Nilidhani ni habari ya kumtafuta fundi wa kurekebisha plastiki.

Hakuna aliyeniambia kitu, si Jumamosi wala Jumapili.

Jumatatu nilikaa mbele mwenyewe, ili nilinde mali. Pacha walikuwa nyuma, miguu mitupu, viatu mapajani. Baba Pacha alizungukazunguka uani kama mtu aliyepoteza kitu, akasema hali ya hewa nzuri, labda leo tutembee. Nikamwambia gari halikununuliwa ili liote jua. Akaingia.

Alitoa ufunguo. Nikasikia kwaruu. Akarudisha mkono, akajaribu tena, kwaruu. Kisha akaleta mkono wa kushoto, akalipapasa tundu kwa ncha ya kidole, na kuupitisha ufunguo pembeni ya kidole hicho mpaka ukaingia. Muda wote huo alikuwa anatazama nje. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumkaripia, nikaufunga.

Nilijiambia ana haraka, ana mawazo, hakulala vizuri. Nilijiambia mengi katika mita mia tatu zile. Aliendesha polepole, katikati ya njia yake, hata nikaanza kupumua. Tukafika kwenye taa za njia panda. Zilikuwa kijani, naye akasimama. Nyuma yetu watu wakaanza kupiga honi.

"Rangi gani, dada?" akauliza kwa sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kuuliza.

Nikamtazama. Na yeye, nadhani, hapo ndipo alipokumbuka nani amekaa kushoto kwake, kwa sababu alijikohoza kama mtu aliyekosea mlango. Nikasikia sauti yangu ikisema kijani. Akaondoa gari. Ng'ambo ya njia panda palikuwa na kivuko, na msichana wa shule alikuwa ameshafika katikati, begi jekundu mgongoni, wekundu wa kuonekana hata kutoka ghorofani. Gari halikupunguza mwendo.

"Simama!"

Likasimama. Pacha walirushwa mbele, wakagonga migongo ya viti vyetu. Msichana alikuwa hatua mbili mbele ya boneti. Alitutukana, na haki alikuwa nayo, kisha akavuka.

Nikamwambia asogee pembeni, nikimwelekeza sentimita kwa sentimita, na akazima. Niliwashusha watoto wakae kwenye baraza ya duka. Nikarudi garini, nikafunga mlango.

Akanieleza bila kuulizwa mara mbili. Pembeni anaona, katikati pamefunikwa na kitu kama moshi, na moshi unazidi. Daktari alimwambia hautatoka, na alimwambia kabla hatujanunua gari. Alikuwa ameniahidi gari tangu tulipooana, akataka aliendeshe walau mwaka mmoja. Dada yake alipogundua alitaka kuja kwangu siku hiyo hiyo. Yeye akamwangukia dada yake miguuni asiniambie. Ndipo dada akaweka sharti, kwamba asiguse usukani bila yeye kukaa kando.

"Na watoto wangu nyuma," nikasema.

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumpiga na dada yake pia. Juu ya yote nilijiogopa mwenyewe, kwa sababu yale macho mawili yaliyokuwa yanawafikisha wanangu shuleni nimeyafukuza kwa ajili ya plastiki.

"Nitazame," nikamwambia. "Unaona nini?"

Akanigeukia. Macho yake ni yale yale, safi, hayana doa.

"Bega lako. Sikio. Kitambaa cha kichwa, kidogo."

"Na uso?"

"Uso haupo, Mama Pacha. Nikikutazama, haupo."

Miezi kadhaa nilikuwa nikimshangaa kwamba nikizungumza naye anatazama ukutani. Niliwahi hata kumwambia, mezani, kwamba mwanamume anayekwepa macho ya mkewe ana lake jambo. Akacheka siku ile, akaendelea kula.

Sasa aligeuza kichwa taratibu kwa upande mwingine, mpaka akawa amenipa shavu.

"Unalia," akasema, akiwa anatazama duka la viatu ng'ambo ya barabara.