Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Nilikikuta mezani asubuhi, kikombe changu cha bati, kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio. Kijiko nacho kilikuwa na uzi. Mke wangu alikuwa anakoroga chai, kanipa mgongo.

"Hivi ni nini?"

"Vyako hivyo, baba watoto. Visichanganyike na vya wenzio."

Wiki mbili kabla nilikuwa nimekwenda kumtolea damu dada yake aliyefanyiwa upasuaji. Damu yangu ikakataliwa. Wakanipima, wakanipima tena, kisha daktari, mama mmoja asiye na haraka, akaniambia nina homa ya ini aina ya C. Akasema virusi vyake viko kwenye damu, na mtu anaweza kukaa navyo miaka na miaka asijue, huku ini linaharibika kidogo kidogo. Vinatibika, kwa vidonge vya wiki kumi na mbili. Havipiti kwenye kikombe, wala sahani, wala kukumbatiana. Akaniuliza habari za nyembe. Nikamjibu kwa majivuno kwamba mimi ni kinyozi, na kwangu kila mteja na wembe wake.

Yote hayo nilimweleza mke wangu, neno kwa neno. Akatikisa kichwa, ehee, ehee, kisha akaenda kununua uzi.

Jamani, nilichukia! Miaka kumi na minane nashika vichwa vya watu, vyenye mba, vyenye mapunye, vyenye vipele vinavyotoa usaha, na sijawahi kukunja uso. Leo mke wangu mwenyewe analishika shati langu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa! Nikikohoa, anasogea. Nikitoka chooni, ananifuata na ndoo ya dawa, harufu inatufuata mpaka kwenye chakula. Kinyaa chake kilinitia kinyaa. Nilifika mahali hata mlio wa kijiko chake kwenye sahani ulinichefua.

Aliyebaki mtu kwangu ni baba. Tunaishi naye tangu mama alipofariki, maana mikono inamtetemeka na hawezi tena kujifanyia mambo madogo madogo. Siku ile ya uzi alikivuta kikombe changu, akapiga funda kubwa mbele ya mkwewe.

"Kasoro yake sukari tu," akasema. "Ugonjwa siuonji."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Tangu hapo kila asubuhi alionja chai yangu kwanza, makusudi kabisa, na mke wangu akageuza uso.

Jumamosi nikamkalisha uani nimnyoe ndevu, kama nilivyofanya kwa miaka sita. Dukani nafungua wembe mpya mbele ya macho ya mteja. Kwa baba nilitumia wangu, ule ule ninaojinyolea mimi. Huyu ni baba yangu, nimfungulie wembe kama mtu wa kupita? Nikampaka sabuni, nikamaliza shavu la kulia, nikamkwaruza kidogo chini ya sikio.

"Umenikata tena, fundi gani wewe," akasema.

Nikautazama ule wembe. Kwenye kona yake, chini ya damu mpya ya baba, palikuwa na damu iliyokauka. Ilikuwa yangu. Nilikuwa nimejikata kidevu asubuhi hiyo hiyo. Nikainama pale pale ukutani, nikatapika chai yote.

Nilimpeleka hospitali na ndevu za upande mmoja. Siku nne baadaye daktari akatuita: baba naye anavyo virusi, na ini lake lina makovu. Ataanza vidonge pamoja nami, ila yeye atafuatiliwa kwa karibu zaidi. Nikamuuliza kama ni mimi. Akasema hakuna awezaye kujua nani alianza, huenda ni sindano za zamani. Sikumwamini. Najua mkono wangu ulivyokuwa ukipita kwenye lile shavu.

Tuliporudi, baba hakuvua hata viatu.

"Mkwe wangu, ule uzi umebaki?"

"Wa nini, baba?"

"Unifungie kikombe changu. Na mimi ninao ugonjwa." Mke wangu akarudi nyuma hatua moja, na mzee akaendelea, taratibu tu, "Na kile kikasi cha kucha nacho ukifunge. Unanikata kucha mimi, unajikata wewe kwa hicho hicho. Mara ngapi umenitoa damu, mwanangu?"

Mke wangu aliingia chumbani. Alipotoka alikuwa amekishika kile kikasi kwa vidole viwili, kama alivyolishika shati langu.

"Kesho hospitali wanafungua saa ngapi?" akauliza.

Siku zote zile nilikuwa nimeisubiri nafasi ya kumcheka. Lakini wembe wangu ulikuwa bado uko pale uani, juu ya ndoo, na sikuwa na mdomo wa kumcheka mtu.