Matundu Mia Nne na Kumi na Mbili

Mimi nahesabu ndege mwaka wa kumi na tisa huu, na nasema kweli: nimechoka. Nimechoka na darubini, nimechoka na fomu, nimechoka na watu wanaoniuliza kama hiyo ni kazi au ni ugonjwa. Ndege wenyewe ni keremkerem, wale wa kijani wenye mdomo mrefu, wanaomkamata nyuki na kumpigapiga tawini mpaka mwiba umtoke. Hawajengi kiota mtini. Wanachimba tundu kwenye ukingo wa mto, pale mchanga uliposhikamana ukasimama wima kama ukuta. Ukingo wa namna hiyo upande wetu uko mmoja tu, na mchanga huohuo ndio wanaoutaka mafundi wa nyumba.

Msimamizi wa wachimba mchanga ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Kila mwaka anapewa kibali cha kukata kipande kidogo cha ukingo, pembeni pasipo na matundu, kwa sharti kwamba hesabu yangu isiwe imeshuka. Na haijashuka. Mwaka juzi matundu mia nne na kumi na mbili, mwaka jana hivyo hivyo. Mkuu wangu wa ofisi anafurahi, shemeji anafurahi, na orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini imemwandika keremkerem kuwa hana wasiwasi. Sijui nani alimuuliza.

Ila kuna jambo. Siku hizi sishuki ukingoni. Magoti yaligoma miaka sita iliyopita, basi nikawa naweka kiti ng'ambo ya mto, natega darubini, nahesabu matundu. Tundu moja, jozi moja. Nilijiambia kuhesabu matundu na kuhesabu ndege ni yaleyale tu. Hayakuwa yaleyale, na moyoni nilijua, lakini mtu akichoka hujifunza kutojiuliza maswali.

Mwaka huu shemeji akaomba nusu nzima ya ukingo uliobaki. Nusu nzima, jamani! Mkuu akaniletea karatasi nitie sahihi kwamba ndege ni tele. Sijui nini kilinishika, labda aibu, nikamwambia kesho. Asubuhi nikafunga magoti bendeji, nikateremka ukingoni kwa makalio kama mtoto anayejifunza ngazi, na wachimbaji wakaangua kicheko hata makoleo wakayaweka chini.

Tundu lenye wenyewe halijifichi. Mlangoni huwa na vijifereji viwili vya miguu yao, na chini yake mabaki ya mabawa ya nyuki. Nilianza kushoto. Buibui. Buibui. Mjusi. Buibui tena. Nilikwenda hivyo mpaka jua la utosi, mkono ukutani, na kila tundu tupu nilikuwa nimeliandika mwaka baada ya mwaka kuwa lina mume na mke ndani. Yenye vijifereji yalikuwa tisa. Mficha maradhi kilio humfichua. Changu kilinitoka palepale mchangani, mbele ya wanaume wote wale, na safari hii hakuna aliyecheka.

Nikaenda ofisini na mchanga wangu kwenye sketi. Nikamwambia mkuu: hesabu zangu za miaka sita ni uongo, jozi ni tisa, andika hivyo na kibali kizuiwe. Nilitegemea afoke. Nilikuwa tayari hata kufukuzwa, na kustaafu kumebaki miezi minane.

Hakufoka. Alifungua kitabu cha masharti polepole, naye mwenyewe amechoka kama mimi.

"Mama, idadi ikishuka uchimbaji unasimama, hilo kweli. Lakini soma hapa chini. Kundi linalolindwa ni jozi ishirini kwenda juu. Chini ya hapo ni ndege tu."

"Kwa hiyo wakiwa wengi hawana shida, na wakiwa wachache hawana haki?"

"Sikukiandika mimi, mama," alisema, akapiga muhuri kibali. Nilitamani kumtukana, nikakosa hata nguvu za tusi.

Nikarudi mtoni kumwomba shemeji kwa undugu wetu, maana uafisa wangu ulikuwa umeishia pale mezani. Awaache tu mpaka makinda yaruke.

"Shemeji na ndege wako!" akasema. "Ningekuoa mimi, saa hizi ungekuwa unahesabu wajukuu." Aliponiona sicheki akaacha mzaha, akataka nimwonyeshe hayo matundu tisa. Nikamwonyesha moja moja. Akasema wataanzia upande wa pili, ananipa wiki tatu, zaidi ya hapo malori hayamsubiri mtu. Nikamshukuru kwa dhati. Hana roho mbaya, hajawahi kuwa nayo.

"Ila nawe," akasema, akikung'uta kofia yake, "si ungeshuka mwaka jana? Mwaka jana walikuwa jozi thelathini na kitu. Sisi tuko hapa kila siku, tunawaona wakiingia na kutoka. Na mwaka juzi ndio usiseme, walikuwa wanatupigia kelele mpaka hatusikilizani."

Thelathini na kitu. Nikashika ukuta wa mchanga.

"Mbona hukuniambia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nikwambie mimi? Shemeji, si wewe ndiye uliyekuwa na darubini?"